Mizani Inakula

Kwetu ni mashariki ya Wilaya ya Micheweni, Pemba, pahala penye mawe mengi kuliko udongo. Mikarafuu iko kwa wenzetu wa Wete, Chake Chake na Mkoani. Sisi msimu ukiingia tunakwenda kuchuma kwa pishi, ukimalizika tunarudi. Riziki yetu ni bahari: samaki, pweza, na tangu miaka ya 1990 mwani. Natangulia kuyasema haya kwa kuwa ugomvi ninaousimulia ulianzia kwenye gunia la mwani, ingawa kila aliyegombana alisema anagombania gazeti.

Hilo gazeti ni karatasi mbili za A4 zilizokunjwa katikati zikatoa kurasa nane ndogo, zikabanwa kwa pini za stepla. Nakala 80 kwa mwezi. Pale kijijini hakuna anayeliita gazeti. Linaitwa Karatasi. Mtu akiuliza, "Karatasi imetoka?" mwenzake anajua anachoulizwa.

Aliyeianzisha ni mwalimu aliyenisomesha darasa la sita, na mpaka leo namwita Maalim kama nilivyomwita nikiwa na miaka 12. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2010. Asiyekuwa wa Pemba huenda asiuone uzito wa mwaka huo. Baada ya uchaguzi wa 1995 vijiji vyetu viligawika kwa vyama mpaka katika mambo ambayo hukudhani yangegawika. Watu walisusiana maduka, wakasusiana gari, wakasusiana mpaka mazishi. Nakumbuka mama alivyokuwa akinituma sukari duka la mbali ilhali la karibu li wazi, na mwenye duka, jirani yetu, amekaa kizingitini ananitazama nikipita. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, na kiasi cha thuluthi mbili ya waliopiga wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Miezi michache baadae Maalim akatuita walimu vijana wanne akatwambia, "Sasa tunazikana tena. Lakini kila barza bado ina habari zake. Nataka karatasi moja ambayo barza zote zitaisoma."

Akaweka sharti moja tu, siasa za vyama zisiingie. Mengine yakaingia. Nani kazaliwa, nani kafariki na khitma lini. Bei ya mwani. Mwamba upi umefungwa ili pweza wakue na utafunguliwa siku gani. Zamu za maji ya bomba. Nyakati za futari mwezi wa Ramadhani. Maneno ya Kipemba ambayo vijana wameyaacha, kila mwezi mawili matatu, yakielezwa na wazee. Na mashairi, maana kwetu ukianzisha chochote cha kuandikwa, watu wa kwanza kukugongea mlango ni washairi.

Maalim aliandika kwa mkono wake. Hati yake ilikuwa ya watu waliosoma zamani, kila herufi imesimama. Akapanda gari kwenda Wete, kutoa fotokopi kwenye duka la steshenari, akarudi nazo ndani ya mkoba wa ukili. Pesa zilikuwa zake. Mwaka 2016 macho yakaanza kumzingua. Akaniita nyumbani kwake, akanipa mkoba ule ule wa ukili ukiwa na nakala moja moja za miaka yote, akanambia, "Mwanangu, hii ni amana."

Nikaipokea kama amana. Na hapo ndipo lilipoanzia kosa langu, kwani mtu aliyepewa amana hujiona yeye ndiye anayejua inavyotakiwa kutunzwa.

Baada ya miaka miwili, ndugu yetu mmoja anayeishi Maskati akatuletea kompyuta iliyokwishatumika na printa mpya. Tulifurahi sana. Safari ya Wete ikaondoka. Vyombo vikawekwa katika chumba cha kamati ya maendeleo, kwa sababu kilikuwa na umeme, dirisha la chuma na kufuli. Ufunguo ulikaa kwa mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti ni mdogo wake baba. Ami yangu. Wino na karatasi vikaingia katika hesabu za kamati. Hakuna aliyeuliza kitu siku ile. Nimekuja kufikiri sana baadae kwamba siku Karatasi ilipohama mikononi mwetu haikuwa siku ya ugomvi hata kidogo. Ilikuwa siku ya furaha, tumepiga na picha.

Mwanzo Ami alikuwa akifungua chumba, anakaa kitini huku mimi nikichapisha, tunazungumza. Kisha akawa anasema, "Hebu nipitishe jicho." Ni ami yangu, ni mtu mzima, nitamwambiaje hapana? Akapitisha jicho. Mwezi mmoja akasema tangazo la pampu ya maji lisitoke, watu wataambizana fedha zimeliwa. Nikalitoa. Mwezi mwengine barua ya kijana mmoja kuhusu michango ya msikiti akaiona ina ukali. Nikaiweka kando. Kila mara nilijiambia kwamba ni kitu kidogo, na kweli kila mara kilikuwa kidogo.

Sasa mwani.

Asiyewahi kulima mwani anauona kama majani yanayookotwa. Wanawake wetu huingia baharini maji ya bamvua, bahari inapokupwa mbali. Wanapigilia vijiti mchangani, wanatandaza kamba baina ya vijiti, na kila kamba ina taitai, yaani vikamba vidogo, zilizofungwa mbegu moja moja. Kazi ya kufunga hufanywa na kina mama na watoto wao, vidole vinachubuka kwa chumvi. Baada ya kiasi cha wiki sita wanavuna, wanabeba kichwani maji yakichuruzika mgongoni, wanaanika. Kilo moja ya mwani mkavu imetokana na kilo saba au nane za mwani mbichi zilizobebwa kutoka baharini. Na siku hizi maji yakipata moto sana mwani unaoza kambani, hasa ile kotonii yenye bei nzuri, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu yenye bei ndogo. Basi mtu aliyefika na gunia lake penye mizani ya mnunuzi amefika na miezi miwili ya maisha yake.

Shangazi yangu, dada yake huyo huyo Ami, ni mkulima wa mwani tangu unaingia kijijini. Alijifunza kusoma ukubwani, kisomo cha jioni. Siku moja alikuja nyumbani na wenzake tisa na daftari la skuli la mjukuu wake. Ndani wameandika jina la kila mmoja, na mbele ya jina namba mbili: uzito wa gunia lake katika mizani ya duka la mchele, na uzito wa gunia hilo hilo katika ghala la wakala wa mwani. Kumi wote walikuwa wamepungukiwa, huyu kilo mbili, yule kilo tatu. Kwa bei ya wakati ule kilo tatu za mwani zilikaribia kilo moja ya mchele. Chini ya orodha Shangazi ameandika kwa kalamu ya risasi: "Mizani ile inakula. Inakula sote sawa, haichagui. Tunataka iandikwe ili na yeye asome."

Nilikaa usiku kucha nikiitengeneza. Nilitaka itoke vizuri. Nikaandika kwamba kumejitokeza hitilafu katika upimaji wa zao la mwani, na kwamba wadau wanaombwa kulifanyia kazi suala hilo kwa maslahi ya pande zote. Nikaondoa majina ili wasije wakadhurika. Nikaondoa na orodha ya uzito, kwani hatukuwa na uhakika na mizani ya duka la mchele. Nilipomaliza nilijiona nimefanya kazi ya mhariri.

Ami akaisoma hata ilivyokuwa imepozwa namna ile, na akasema haitoki. Nyumba iliyokodiwa na wakala kuwa ghala ni ya mkewe. Hakulificha hilo, na namshukuru kwa kutolificha. Akanambia, "Huyu mtu akiondoka, mwani wenu mtamuuzia nani? Na kwani hii karatasi yenu imesajiliwa? Kuna Sheria Namba 5 ya mwaka 1988 ya usajili wa magazeti. Mimi ndiye niliyekupeni chumba. Likizuka jambo, watanijia mimi." Akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kusali Alasiri.

Nilitetemeka kwa hasira. Nikaenda moja kwa moja kwa Shangazi kumwambia kwamba kesho nitapanda gari niende Wete, nitatoa fotokopi kwa pesa zangu kama alivyokuwa akifanya Maalim, na Karatasi itatoka. Na ili afurahi, nikamsomea nilichokiandika.

Alikuwa anachambua choroko. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono haukusita. Kisha akasema, "Nilikuletea pweza, mwanangu. Umenirudishia maji aliyochemshiwa."

Sikuwa na la kujibu. Nilitaka kumwambia kuhusu lugha ya kuandikia, kuhusu tahadhari, lakini kila nililolifikiri lilikuwa ni lile lile aliloniambia Ami nusu saa kabla, kwa maneno mazuri zaidi. Yeye alikuwa na ufunguo wa mlango, nami nilikuwa na kalamu, na wote wawili tumemfungia mtu mmoja nje. Nikakumbuka barua ngapi nimezipitia katika miaka ile, nikazinyoosha, nikazivua sauti za wenyewe mpaka zote zikazungumza kama mwalimu wa skuli. Kesho yake sikwenda Wete.

Nikaenda kwa Maalim. Nilidhani atanipa njia ya katikati. Hakunipa. Alisema Karatasi ni ya mhariri, kwani mhariri ndiye anayejibu mbele ya watu. Kamati ikitia mkono mara moja haiutoi tena. Akasema chapisha kama walivyoandika, kila neno, na Ami yako akitaka anune. Nilimuuliza: na wakala? Akasema wakala anajua mlango wa kuja kulalamika.

Kijiji kikaanza kugawika. Wavuvi walisimama na kina mama. Waliokodishwa kazi ya kupakia magunia walisimama na wakala. Kuna waliosema mwalimu mwanamke amepewa nafasi amevimba kichwa. Nilichokiogopa zaidi ni kwamba siku ya tatu nilimwona mama mmoja akilipita duka la karibu akaenda la mbali, nami nilijua lile duka la karibu ni la nani.

Ndiyo nikaenda kwa sheha, msimamizi wa serikali pale kijijini. Sheha wetu si msemaji sana. Alinisikiliza, akamsikiliza Ami, akaniuliza swali moja: "Huyo wakala, ameshasomewa?"

Nikasema hapana. Hakuna aliyemsomea. Kamati ilizungumza kumlinda, sisi tulizungumza kumsema, na mwenyewe alikuwa hajapata kusikia hata sentensi moja.

Sheha akaitisha watu Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, chini ya mkungu wa skuli. Yalikuwa maji mafu, kwa hiyo wanawake walikuwepo nchi kavu. Alitaka isomwe karatasi ya kina mama, si yangu. Nikasimama na daftari la mjukuu, nikasoma majina kumi na namba ishirini, nikasoma "mizani ile inakula." Katika umri wangu wa ualimu sijapata kusoma kitu kikasikilizwa vile. Hata watoto walinyamaza.

Wakala akasimama. Ni kijana, ana mke na watoto pale pale kijijini. Sauti yake ilikuwa inakatika. "Mimi si mwizi," akasema. "Mizani nimeikuta ghalani, nimeletewa na kampuni. Leteni kitu mnachokijua uzito tukitundike sasa hivi." Mtu mmoja alikuwa anajenga, akaleta mfuko wa saruji haujafunguliwa, kilo 50. Mizani ikaletwa ikatundikwa tawini. Mfuko ukapandishwa. Mshale ukasimama penye 46.

Zilipigwa kelele, na sheha akaziacha zipigwe. Zilipotulia fundi baiskeli akaitazama ile mizani, akaionesha springi yake imekula kutu, imekamata. Magunia ya mwani yanakaa ghalani yakitoa chumvi mchana na usiku. Chuma hakikai salama humo. Wakala akasema, "Mnaona? Chumvi." Na Shangazi akajibu bila kuinuka, "Chumvi, sawa. Lakini mbona imekula upande wetu tu?" Swali hilo halikupata jibu siku ile wala baadae.

Nililoliona mimi pale, na nimeshindwa kulisahau, ni kwamba kama ningekwenda Wete na daftari lile kama Maalim alivyonishauri, kijana yule angesomwa kuwa mwizi katika nyumba 80 kabla hajafungua mdomo, na kijijini kwetu neno likishachapwa halifutiki, linarithiwa na watoto. Na kama Ami angeshinda, mizani ingeendelea kula mpaka leo. Na kama ingetoka ile yangu ya hitilafu na wadau, hakuna ambaye angeleta mfuko wa saruji, kwa kuwa hakuna ambaye angejua kinachozungumzwa.

Mzee mmoja mvuvi, mshairi, ndiye aliyelitia neno lililotufungua. Alisema hapa Pemba watu wamejibizana kwa beti tangu zama za washairi wetu Kamange na Sarahani, na utaratibu unajulikana: ukitungiwa shairi huendi kumvunjia mwenzako kalamu. Unakaa unatunga lako. Wasikilizaji wanayashika yote mawili. Akauliza kwa nini Karatasi iwe chini ya hapo.

Tukayaandika pale pale, kwa mkono, nyuma ya daftari. Mtu akitajwa, asomewe kabla haijachapwa. Anayo haki ya kujibu, na jibu lake likae ukurasa ule ule na herufi za ukubwa ule ule. Hana haki ya kuzuia. Kuhusu hilo la mwisho tulibishana mpaka ikakaribia Magharibi, kwani Ami na wenzake walitaka mtu akikataa basi iondolewe, na waliojibu kwa nguvu zaidi kuliko mimi walikuwa wale wanawake kumi. Mhariri anaruhusiwa kusahihisha herufi na nukta. Akitaka kubadilisha neno, amfuate mwenye neno nyumbani kwake. Hili nilililipendekeza mimi, na nililipendekeza nikimtazama Shangazi.

Yaliyobaki yalikuwa ya vyombo na fedha. Tukakubaliana kila nakala ilipiwe shilingi 200, ili wino ununuliwe na wasomaji wote na asitokee mmoja wa kusema ni wake. Ufunguo ukachongwa wa pili, ukakaa kwa Shangazi. Kuhusu sheria, Ami alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa nimekaa miaka kwenye kazi ile bila ya kuisoma, na nilipoisoma niliona kwamba kusajili kitu ni kutaja wazi nani mwenyewe, nani mchapishaji na nani mhariri. Ndiyo maswali yale yale tuliyokuwa tukigombania chini ya mkungu. Tukaenda kuuliza utaratibu, tukaambiwa, tukaufuata.

Toleo lile lilitoka na orodha yote ya uzito, na "mizani ile inakula" juu kabisa kwa herufi nzito. Upande wa kulia majibu ya wakala, mistari kumi na mbili, akieleza springi na kuahidi mizani mpya. Mizani mpya ilikuja bamvua la pili. Tangu siku hizo mfuko wa saruji, uleule, umeshaganda kuwa jiwe, unakaa mlangoni mwa ghala, na anayetaka huupima kwanza.

Ami hakusema nami mpaka Idi mbili zikapita. Ya tatu alinitumia sahani ya halua na mtoto. Basi, yakaisha.

La Maalim ndilo lililoniuma na linaniuma bado. Hakukubali. Aliniita akanambia karatasi inayosomwa hadharani kabla ya kuchapwa imekwisha kuwa barua ya kuomba ruhusa. Akasema nitaona: watakaokuwa na la kumsema mkubwa hawatoleta, kwa sababu wanajua watasomewa mbele yake. Nilimjibu kwa heshima zote nilizonazo, na sikukubaliana naye, lakini siwezi kusema alikosea. Mwaka uliofuata mwanamke mmoja alikuja kwangu usiku na jambo kuhusu mtu anayemlipa ujira. Nilimweleza utaratibu. Akakunja karatasi yake, akaitia ndani ya khanga, akasema atafikiri. Hakurudi. Sijui ni wangapi hawakufika hata mlangoni. Tulichokipata kina bei, na wanaoilipa ni wale wanyonge zaidi kuliko wale kumi waliokuja pamoja na daftari. Nimejaribu kutafuta njia kwa ajili yao. Sheha ameruhusu barua ya anayeogopa isomwe kwa niaba yake, na mtu mmoja wa barza asimame badala yake kwa jina lake mwenyewe. Mpaka sasa imetumika mara mbili tu.

Kila mwezi nampelekea Maalim nakala yake mimi mwenyewe. Aliwahi kufanyiwa operesheni ya jicho moja, anasoma akiisogeza karatasi karibu na taa. Ananirudishia nakala ya mwezi uliopita imesahihishwa kwa wino mwekundu, nukta kwa nukta. Kuandika haandiki tena. Nimemwomba mara nyingi angalau yale maneno ya zamani ya Kipemba. Anasema mkono umechoka.

Mwezi huu wazazi watatu wameleta barua. Wanasema walimu wa skuli yetu wanachelewa kipindi cha kwanza, na wametaja siku na wametaja majina. La pili katika orodha ni langu. Siku walizozitaja ni za kweli. Mama alikuwa mgonjwa, na nilikuwa nikimpeleka hospitali kabla ya skuli, na sikumwambia mtu. Nimesahihisha herufi mbili katika barua yao na sikugusa chengine. Jibu langu nimelianza mara tatu, na halijafika nusu ya ukurasa. Kusoma ni Alhamisi, baada ya Alasiri.